Avelina na Pumzi ya Ilungu

Mimi nauza vipuri vya pikipiki na baiskeli pale Mazwi, mjini Sumbawanga, na ukuta wa kushoto wa duka langu ni mbao tupu. Upande wa pili wa mbao hizo yupo Avelina, fundi kompyuta. Kwa miaka saba nimesikia kila anachokifanya: bisibisi ikidondoka, feni ikikwaruza, yeye mwenyewe akizisemesha mashine kwa Kifipa kama mtu anayembembeleza mbuzi atoke kwenye shamba la watu. Kwa hiyo anayetaka kumjua Avelina asihangaike kwenda kwa ndugu zake. Aje kwangu, anunue hata spoki moja, nitamweleza.

Naitwa Nadhira. Nalitaja jina langu mapema kwa sababu nimo ndani ya habari hii, na sikujiingiza. Niliingizwa na mbao.

Avelina alizaliwa upande wa Kaengesa, mtoto wa tano wa mzee Gaudensi, mkulima wa mahindi na ulezi. Alipokuwa darasa la sita, maji ya mvua yaliingia kwenye kompyuta ya ofisi ya parokia, wakaitoa nje ianikwe juani. Yeye alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. Akaitua ndoo, akaomba aifungue, na hakuna aliyemkatalia kwa sababu wote walijua imekufa. Haikufufuka. Ila anasema kilichomkera siku ile ni kwamba ndani hakuona kitu chochote cha kuzunguka zaidi ya feni. Kazi zote zile, na hakuna mahali unapoiona kazi yenyewe ikifanyika. Kero hiyo haijamtoka mpaka leo, na ndiyo inayomlisha. Baada ya kidato cha nne alikwenda Mbeya kusomea ufundi, miaka miwili, halafu akafanya jambo ambalo wenzake walimcheka: akarudi. Alisema kompyuta za Sumbawanga zinaugua magonjwa ya kuvutia zaidi.

Ni mfupi, ana miaka thelathini na minne, na ni mpole kiasi cha kuudhi. Ukimwuliza swali ananyamaza mpaka udhani hakusikia, kisha anakujibu kwa swali lake. Mimi hasira zangu ziko karibu, sina subira ya watu wa namna hiyo, na bado kila siku saa nne namgongea ubao aje tunywe chai. Watu wa mbali wakisikia nakaa Sumbawanga huniuliza habari za uchawi. Huwa nawaambia kwamba hapa kuna mwanamke anayeweza kukaa siku tatu akiitazama mashine moja mpaka imwambie inaumwa nini, na kwamba hilo linanishangaza kuliko hizo hadithi zao.

Sasa, Julai ya mwaka juzi, baridi ikiwa ile ya kutuvalisha makoti mpaka adhuhuri, mzee Gaudensi aliletwa mjini. Alikuwa na miaka themanini na miwili, na kooni alikuwa na uvimbe. Madaktari walisema apelekwe Mbeya akakatwe, na walisema wazi kwamba pamoja na uvimbe watatoa kikoromeo chote. Atapona, lakini atakuwa anapumua kwa tundu shingoni, na hatazungumza tena. Tarehe aliyopangiwa ilimtaka asafiri siku ya Ijumaa. Siku zilizobaki alikaa nyumbani kwa Avelina kule mtaa wa Malangali, na kila asubuhi walikuja wote dukani, mzee nyuma ya pikipiki amejifunika blanketi la mistari.

Nilikwenda kumsalimia siku ya kwanza. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu," alisema, akapiga makofi yake madogo ya kuheshimu mtu. Sauti ilikuwa imebaki nusu. Nusu nyingine ilikuwa pumzi.

Avelina alikuwa ameamua kuihifadhi sauti hiyo kabla haijaondoka. Hakutaka salamu tu. Mzee Gaudensi ndiye aliyebaki katika ukoo wao aliyewahi kuliona ilungu likifanya kazi, lile tanuri refu la udongo ambalo wahunzi wa Ufipa walikuwa wakiyeyushia mawe ya chuma. Masalia ya malungu yapo bado huko mashambani, mengine ng'ombe wanajikunia. Lakini watu waliosimama karibu nalo likiwaka, hao wamekwisha. Yeye alilisimamia akiwa na miaka minane, mara ya mwisho babu yake Adolfu alipoliwasha. Hadithi hiyo ilikuwa haijamtoka yote kwa mkupuo hata mara moja. Wanawe walikuwa nayo vipandevipande.

"Si utumie simu?" nilimwuliza Avelina.

Akanyamaza. Nilihesabu mpaka nane. "Simu inachuja, dada Nadhira. Ikisikia pumzi inadhani ni upepo, inaikata. Wewe umemsikia baba. Ukikata pumzi, kinabaki nini?"

Basi alikuwa ametengeneza chombo chake mwenyewe. Kompyuta ya ubao mmoja usiozidi kiganja cha mkono, kadi ya sauti aliyoing'oa kwenye mtambo wa matangazo uliokufa, maiki nzuri ya kuazima kwa wanakwaya, na programu ya kuviunganisha aliyoiandika yeye mwenyewe kwa wiki mbili. Kulikuwa na fahari ndani yake, sitawadanganya. Nami nisiyejua kukaa na jambo bila kulielewa nilivuta kigoda changu, nikamwambia anieleze sauti inaingiaje humo.

"Maiki inaisikia, kadi inaigeuza kuwa namba," alisema. "Namba elfu arobaini na nane kila sekunde. Zinatakiwa zifike kwenye memori, ndipo prosesa izichukue na kuzitunza."

"Na prosesa ni nani?"

"Ni huyu mwenye kazi zote. Zamani ilikuwa inakwenda yenyewe kwa kadi, inachukua namba, inaipeleka memori, inarudi kuchukua nyingine. Inashinda kwenye hizo mbio, haifanyi kingine. Siku hizi inaiambia kadi mara moja tu: eneo lako kwenye memori ni hili, kuanzia hapa mpaka pale, weka mwenyewe, ukifika nusu nishtue. Ukifika mwisho anza tena mwanzo. Halafu inaendelea na mambo yake."

"Kwa hiyo kadi inaingia memori bila kupitia kwa mwenye nyumba."

"Bila kupitia."

"Na ikikosea ikaweka vitu vyake juu ya vitu vya mwingine?"

Hapo alitabasamu, na mimi nilijisikia nimefaulu mtihani. "Inavifuta bila kuomba radhi. Mashine kubwa zina mlinzi wa kukagua kila kifaa kinaingia wapi. Hii yangu haina. Mlinzi ni mimi."

Mzee alikuwa kwenye benchi, tulidhani amesinzia. Akacheka kwa ile sauti yake ya hewa. "Hilo ni ilungu," alisema.

Tukamgeukia.

"Wahunzi wengine wanavukuta. Mtu anakaa na mivukuto, mikono haipumziki, akiacha moto unalala. Ilungu halivukutwi. Lina matundu chini, lina mirija ya udongo, ukishaliwasha linavuta hewa lenyewe. Babu alikuwa anakwenda zake kunywa togwa." Akapumzika kidogo. "Lakini hamliachi peke yake. Lazima awepo wa kusikiliza. Nilikuwa mimi."

Avelina akaenda kuwasha chombo chake. Hadithi ilianza hapo, Jumatatu saa tano asubuhi.

Niwaeleze walivyokaa, maana ndipo kosa lilipo. Mzee kwenye benchi, maiki mbele yake. Avelina mezani, amempa ubavu, macho kwenye vipimo, na masikioni hedifoni kubwa za kuziba kabisa. Alitaka kusikia kile chombo kinachosikia. Kwa hiyo binti alikuwa chumba kimoja na baba yake, hatua mbili, na hakuwa anamsikia baba. Alikuwa anamsikia baba aliyekwisha kupita kwenye kadi, kwenye memori na kwenye prosesa. Mimi ndiye niliyekuwa namsikia mzee mwenyewe, kupitia mbao, huku nikipanga balbu za taa. Kifipa alichokuwa anachanganya nakisikia vizuri. Kukisema ndipo ninapochekwa.

Aliongea Jumatatu, akaongea Jumanne. Alieleza jinsi udongo wa kichuguu ulivyokandwa, jinsi mawe na mkaa vilivyopangwa, nani alikatazwa kukaribia na kwa nini. Akafika mahali babu yake alipomlaza kifudifudi kwenye tundu la chini, akamwambia asikilize, na sauti ikibadilika aseme. Hapo mzee akaiga jinsi ilungu linavyopumua. Nilisimamisha mkono. Haikuwa sauti ya koo, ilikuwa hewa tupu, ndefu, yenye mtetemo kwa mbali, kama mlango mzito unasukumwa na hauishi kufunguka. Sekunde nne hivi. Mteja alikuwa mbele yangu na sikumwona.

Jumanne ile ile mchana Avelina alinijia na uso umeshuka. "Baba ameanza kupoteza kumbukumbu," alininong'oneza. "Anarudia maneno. Anasema jambo, anaenda mbele, halafu anarudi kulisema vile vile, neno kwa neno."

"Umemwambia?"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia amvue mzee kofia hadharani. Kwao, mzee akirudia jambo, unaitikia kama vile ndiyo mara ya kwanza unalisikia. Unapiga makofi, unasema eeh baba. Nimekaa na Wafipa umri wangu wote na adabu hiyo naipenda, sisi kwetu tungeshamkatiza zamani. Basi Avelina alikuwa ameitikia eeh baba kila palipojirudia, akanyamaza na jambo lake, kisha akampigia kaka yake Benjamini simu Kaengesa. Benjamini akasema kama ni hivyo karatasi za hospitali atazisaini yeye, mzee asiulizwe chochote. Jioni ile, mlangoni, nilimwona Avelina akimkatia baba yake ndizi vipande vidogo kama vya mtoto. Mzee alizitazama zile ndizi, akamtazama binti yake, akala.

Jumatano mchana mzee alikuwa amelala kwangu nyuma, penye joto, na Avelina alikuwa anasikiliza alichokirekodi kwa spika. Nikasikia: "…akaniambia lala hapa, weka sikio hapa, usiondoke." Halafu badala ya ile pumzi nikasikia tena: "lala hapa, weka sikio hapa, usiondoke." Kisha hadithi ikaendelea kwingine. Nilisubiri. Akarudisha nyuma, ikawa vile vile. Mara ya tatu uvumilivu ukaniishia nikaupiga ubao.

"Avelina, kwani husikii? Kipande kimoja unakirudisha mara ngapi, na pale pazuri hupafikii?"

"Sirudishi, dada. Ni baba anarudia."

"Baba yako hakurudia."

Spika ikazimwa.

"Baba yako alisema lala hapa mara moja tu, akaiga ilungu linavyopumua. Nilikuwa hapa. Mteja amenikimbia kwa sababu ya pumzi hiyo. Iko wapi?"

Alikuja, akasimama mlangoni kwangu. Sijapata kumwona mtu akifurahi na kuogopa kwa mara moja namna ile. Kama mzee hakurudia, basi mzee ni mzima. Na kama mzee ni mzima, basi chombo kinameza maneno yake na kuweka ya zamani mahali pake, na Ijumaa ni keshokutwa.

Aliniweka mbele ya maiki akaniambia nihesabu, moja mpaka mia moja, polepole. Nilihesabu. Tulipofungua kusikiliza nilikuwa nasema thelathini na moja, thelathini na mbili, ishirini na tano, ishirini na sita, ishirini na saba, ishirini na nane, thelathini na saba. Sauti yangu mwenyewe, haina mkwaruzo wala mkato, inasema uongo. Thelathini na tatu mpaka thelathini na sita hazikuwemo popote. Nilicheka, lakini nikasogea mbali na maiki.

Kisha akafanya jambo lililomzidishia utata. Aliiamuru kadi isome yenyewe kilichomo kwenye memori na kukitoa moja kwa moja kwenye spika, prosesa isiguse kabisa. Nikahesabu tena, na kila namba ikatoka mahali pake. Akaipa prosesa isome memori ile ile, eneo lile lile. Ishirini na tano.

"Memori ina maneno ya kweli," alisema, akawa anaongea peke yake. "Kadi imeyaweka sawa. Prosesa inasoma pale pale na inapata mengine. Inasoma wapi?"

Swali hilo alilala nalo. Asubuhi ya Alhamisi alikuja nalo usoni. Mzee akakaa benchi lake, akamtazama bintiye, asiulize. Na mimi nilikuwa na dereva wa bodaboda dirishani anataka mnyororo.

"Umekwisha," nikamwambia.

"Upo," kaka yangu Muhidin alisema kutoka nyuma. Muhidin ndiye anayepokea mizigo yetu kutoka kwenye mabasi. "Nimeingiza sita tangu saa moja na nusu, kwa mlango wa stoo."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nilikuwa nimeanza kumpa Muhidin anachostahili wakati Avelina alipotokea mlangoni, bisibisi mkononi.

"Dada Nadhira, ulijuaje mnyororo umekwisha?"

"Si niliangalia."

"Ulikwenda stoo?"

"Niliangalia nilipofungua duka, Avelina. Nikiulizwa kitu niende stoo kila mara? Nakumbuka nilichokiona, najibu."

Aliondoka bila kuaga. Yule dereva akaniuliza kama fundi ni mzima, nikamwuzia mnyororo wake aende.

Baadaye alinieleza, na nilielewa upesi kwa sababu aibu ilikuwa yangu. Prosesa haipendi kwenda memori kila mara, ni mbali kwa mwendo wake. Kwa hiyo ina kijistoo chake cha karibu kabisa, na kila inachokisoma memori inabaki na nakala humo. Ikiulizwa tena inajibu kwa nakala. Siku zote hiyo ni akili, ndiyo inayoifanya iwe na kasi. Lakini kadi inaingia memori kwa mlango wa nyuma. Inaweka maneno mapya, inaondoka, na prosesa haina habari. Ikiwa nakala ya mzunguko uliopita bado ipo, inasoma hiyo, na haioni kosa lolote. Nakala ikiwa imeshatoka, inalazimika kwenda memori, inasoma ukweli. Ndiyo maana ilikuwa hapa inadanganya na pale haidanganyi. Kwenye kompyuta nyingi hizi za mezani kuna njia ya vifaa vyenyewe kupashana habari. Kwenye ubao ule mdogo ilikuwa kazi ya mwandishi wa programu kusema: tupa nakala, nenda ukaangalie upya. Avelina alikuwa amesahau. Mstari mmoja tu.

Kufikia saa sita alikuwa ameuandika. Nilihesabu mpaka mia moja, mara tatu. Haikupotea hata namba moja.

Lakini yaliyomezwa hayakurudi. Memori ile ilikuwa imeandikiwa maneno mapya mara elfu tangu Jumatatu. Alipitia rekodi zote, akakuta mahali kumi na tisa ambapo baba yake alikuwa amefunikwa na maneno yake mwenyewe ya zamani. Akavua hedifoni, akaenda akapiga magoti mbele ya benchi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ningepaswa kuondoka. Sikuondoka.

"Baba, nimekukosea," alisema. Akamweleza yote. Mashine, nakala, simu kwa Benjamini, zile ndizi.

Mzee alikaa kimya vile vile anavyokaa binti yake. Sasa nilijua alikoutoa huo ukimya.

"Ulidhani nimechakaa," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ungeniuliza."

"Mzee haulizwi hivyo."

"Mimi ni mzee kwa watu. Kwako ni baba." Akapumzika, mkono kooni. "Ungevua tu hayo madude ukanitazama. Mbona nilikuwa hapa?"

Avelina alilia, na sioni haja ya kupapamba hapo. Nami niliangalia barabara.

Mchana wote wa Alhamisi tulifanya kazi watu watatu. Avelina alifungua rekodi mpaka pale ilipodanganya, akaisimamisha. Mimi nilisema nilichokisikia kupitia mbao, kwa Kiswahili na kwa Kifipa changu cha kuchekwa. Mzee alinisahihisha, akalisema upya yeye mwenyewe, Avelina akalirekodi. Hedifoni zilikuwa sakafuni. Mahali pengine sikuwa nakumbuka sawasawa, na mzee alikuwa ananiangalia kwa macho ya kucheka, ananipa neno la kwanza. Sikujua kwamba nimebeba vitu vyote vile. Unaweza kukaa na mtu ukutani ukidhani unapanga balbu.

Tulirudisha vipande kumi na nane. Cha kumi na tisa kilikuwa ile pumzi. Mzee alivuta hewa, akaanza, na kikohozi kikamkamata. Akajaribu tena. Leso ikatoka na damu, na Avelina akazima chombo.

"Inatosha, baba."

Alikataa kwa kichwa, akataka mara ya tatu. Avelina akauchomoa waya wa maiki. Asubuhi walisafiri, mzee akiwa amesaini karatasi zake kwa mkono wake.

Alirudi Novemba, mvua za kwanza zimekwisha kulainisha barabara. Amekonda, macho yale yale. Shingoni alikuwa na kitambaa cheupe kilichofungwa kama skafu ya mtoto wa shule, na mfukoni daftari na kalamu. Nilimwambia shikamoo, akapiga makofi yake madogo, na nilingoja marahaba kwa sekunde moja ya kijinga kabla sijakumbuka. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Alikaa kwenye benchi lake, akaandika, akatuonyesha. *Nimekuwa ilungu. Napumua kwa tundu la chini.*

Avelina alicheka mpaka akashika meza. Kisha mzee akaashiria chombo, maana alitaka kusikia hadithi yake. Tukaisikiliza yote, sauti yake ikizunguka kijiduka kile wakati mwenyewe amekaa kimya, mkono kwenye goti, akitikisa kichwa pale anapokubaliana na nafsi yake. Tukafika: "lala hapa, weka sikio hapa, usiondoke." Avelina akaisimamisha. Baada ya hapo palikuwa patupu. Alikuwa ameufuta uongo, hakuwa na cha kuweka.

Mzee akanielekezea kidole.

"Mimi?" nilisema. "Mzee, mimi nauza mipira ya baiskeli."

Kidole hakikushuka. Basi nilijaribu. Nilipuliza kama mtu anayepoza uji. Akainua kiganja: ndefu zaidi. Nikapuliza tena. Akakishusha: chini zaidi. Mara ya tano Avelina alikuwa ameziba mdomo kwa kucheka, Muhidin anachungulia kutoka stoo, na mzee akanipungia mkono nikae, nimeshindwa.

Akakigusa kitambaa cha shingoni. Akakifungua fundo polepole, akakiweka gotini. Tulikuwa hatujaliona lile tundu. Nilitaka kutazama pembeni, na nikaona Avelina hatazami pembeni, na mimi nikatazama. Mzee aliisogeza maiki mwenyewe mpaka chini ya kidevu, akamwangalia binti yake. Avelina akawasha.

Alivuta hewa, akaiachia.

Ilitoka ndefu, ya chini, hewa tupu isiyo na koo, na ule mtetemo kwa mbali. Sekunde nne hivi. Haikukatika wala haikuleta kikohozi. Nilikuwa nimeshika balbu ya taa ambayo sikumbuki niliichukua saa ngapi.

Avelina alizima. Hakuangalia vipimo. Wote wawili walinigeukia, kwa sababu katika mji huu wote ni mimi peke yangu niliyekuwa nimeisikia ile ya kwanza.

"Ndiyo yenyewe," nilisema.

Avelina alisikiliza alichokirekodi kwa spika, na kilikuwemo chote. Mzee akachukua kalamu, akaandika neno moja, akamgeuzia daftari binti yake.

*Niirudie?*

"Rudia, baba," Avelina alisema. "Rudia unavyotaka."